Habari Njema ni ya Wote, Habari za Mtu ni Zake Mwenyewe

Somo la familia na vikundi vya nyumbani
Andiko la msingi: Marko 5:1-43
Maandiko mengine: Matendo 8:26-40, 1 Wakorintho 12:12-27, 2 Yohana 12



 Tunamshukuru Mungu ambaye ametulinda katika joto na vumbi la makazi haya, akatufikisha tena mahali pa kujifunza Neno lake pamoja.

Somo la leo tumelibeba moyoni kwa muda mrefu. Linahusu simu tunazoshika mikononi na jinsi tunavyozitumia kuieneza Injili. Linahusu pia swali lililogusa nyumba nyingi hapa: mtu mmoja ana nafasi gani ndani ya kanisa, na kanisa lina mamlaka gani juu ya habari za mtu mmoja? Tunaomba msome kwa utulivu, baba, mama na watoto, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

1. PWANI TULIYOTOKA

Wengi mnaosoma jarida hili mmetoka Kongo, Burundi, Sudan Kusini na Ethiopia. Sisi wachache tumetoka pwani ya Kismayo, kusini mwa Somalia. Kutoka Kismayo kushuka hadi Ras Kamboni, karibu na mpaka wa Kenya, kuna msururu wa visiwa vidogo: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo. Wenyeji wake ni Wabajuni, wavuvi na mabaharia, ambao lugha yao ni ndugu wa damu na Kiswahili. Wabajuni ni Waislamu, nao walikuwa majirani zetu. Tulinunua samaki kwao. Vita vilipofika mwaka 1991 sisi tulikuwa watoto, na wengi wao walikimbia kwa vyombo vyao hadi Lamu na Mombasa. Walikaa katika kambi ya Jomvu mpaka kambi za pwani ya Kenya zilipofungwa katika miaka hiyo ya 1990. Wengine wakarudishwa visiwani, wengine wakaletwa huku Kakuma.

Je, Injili ilipata kufika pwani ile? Ndiyo, ilifika. Wamishenari wa Kilutheri kutoka Uswidi walifika Kismayo mwishoni mwa karne ya 19, wakafanya kazi mjini na kando ya mto Juba, hasa miongoni mwa watu waliokuwa watumwa. Mwaka 1935 utawala wa Waitalia uliwaondoa. Wakatoliki nao walikuwa na kanisa Kismayo. Jengo hilo la zamani, ambalo halikuwa na waamini tena, lilibomolewa mwaka 2008, mwaka ule ule al-Shabaab walipouteka mji. Walishika mji hadi mwaka 2012 walipoondolewa na majeshi ya Kenya na washirika wao. Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka huo huo wa 2012 inakataza kueneza dini nyingine isipokuwa Uislamu.

Tumeeleza haya ili mwelewe jambo moja. Mtu wa pwani ile akitaka kulisikia Neno la Kristo, mara nyingi hulisikia akiwa peke yake, mlango umefungwa. Hana mtu wa kuimba naye. Na habari zake zikitoka nje, haumii yeye tu, bali mama yake, ndugu zake na watoto wake pia.

2. KENGELE, REDIO, SIMU

Hebu tuangalie vyombo ambavyo Mungu amewapa watu wake katika pwani hii ya Afrika Mashariki.

Chombo cha kwanza ni kengele. Katika miaka ya 1870 wamishenari wa CMS walianzisha kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Hao nao walikuwa watu waliong'olewa kwao kama sisi, wenye makabila na lugha nyingi. James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mmoja wao, aliandika habari zao katika kitabu Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Pale kijijini palikuwa na kengele. Ilipigwa kuwaita watu ibadani, na ilipigwa pia kuwaonya kwamba adui anakuja. Mpaka leo mahali pale panaitwa Kengeleni. Kengele haina siri. Inasikiwa na wote kwa wakati mmoja, nao wote hukusanyika mahali pamoja.

Chombo cha pili ni redio. Mwaka 1963 Sauti ya Injili ilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi, Tanzania. Baadaye redio ya FEBA ilitangaza kutoka Shelisheli kwa masafa mafupi tangu mwaka 1970 hadi 2003, Kisomali kikiwa miongoni mwa lugha zake. Mwaka 1979 Biblia nzima ikapatikana kwa Kisomali, na kilichosikiwa hewani kikaweza kusomwa. Redio ilisikilizwa na nyumba nzima. Baba aliishika, mama akasikia akiwa jikoni, jirani akasogeza kigoda.

Chombo cha tatu ni simu. Hii husikilizwa na mtu mmoja. Anaweka vidude masikioni na hata aliyelala naye chumba kimoja hajui anasikiliza nini. Kwa mtu wa Kismayo hii ni baraka kubwa. Neno linaingia mahali ambapo mhubiri hawezi kuingia. Mwaka 2014 al-Shabaab walipiga marufuku intaneti ya simu katika maeneo waliyoyashika, maana waliona kwamba mlango huo hawawezi kuulinda kwa bunduki peke yake.

Lakini tuone na upande wa pili, wapendwa. Kengele ilimfikisha mtu kanisani kwa miguu yake. Redio ilimfikia akiwa na nyumba yake. Simu humkuta peke yake, na inaweza kumwacha peke yake. Tena simu ina mdomo na masikio. Ile ile inayomletea mtu Injili kwa siri inaweza kuitangaza siri yake kwa dunia nzima kabla jua halijatua.

Tukumbuke pia kwamba chombo chaweza kutwaliwa. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliitwaa Sauti ya Injili, na sauti ile ikakoma. Kanisa la Mekane Yesus likapita katika mateso makali, na Katibu Mkuu wake, Gudina Tumsa, akauawa mwaka 1979. Lakini kanisa halikufa. Leo ni miongoni mwa makanisa makubwa ya Kilutheri duniani. Kituo kilitwaliwa kwa siku moja, lakini watu walioshikana mikono hawakutwalika.

3. MAKOSA YETU MATATU

Sasa tunakuja kwenye jambo linalotuuma. Tunayaandika haya kwa ruhusa ya wahusika, bila kuwataja. Sisi viongozi ndio tuliokosa.

Kosa la kwanza. Tulikuwa na ibada ya ubatizo. Mmoja wetu alipiga picha kwa furaha tu, akaituma katika kundi la kwaya la WhatsApp, akaandika, "Mungu anatenda!" Jioni ile ile picha ilikuwa Mombasa. Siku ya tatu ilirudi huku huku makazini, katika simu ya mjomba wa mmoja wa waliobatizwa. Ndugu yule hakuweza tena kuchota maji bombani kwa amani. Mama yake mzazi, aliyebaki upande wa Kismayo, alianza kuulizwa maswali na majirani. Mwishowe familia ilibidi ihamishiwe sehemu nyingine. Tulipomtembelea hakutulaumu. Alisema neno moja tu: "Hamkuniuliza."

Kosa la pili. Baada ya hayo tuliogopa sana. Akatokea ndugu mwingine, mtu mzima, asiye na jamaa aliyebaki kule. Alitaka kusimama atoe ushuhuda wake hadharani, arekodiwe, sauti yake iwafikie watu wa lugha yake. Tulimkataza. Hatukukaa naye wala kumsikiliza. Tulisema, "Kanisa limeamua." Alinyamaza, lakini tuliona moto wake ukipungua. Yeye naye angeweza kusema, "Hamkuniuliza."

Kosa la tatu. Dada mmoja kijana aliacha kuja ibadani. Tulidhani amerudi nyuma. Kumbe kila usiku alikuwa akisikiliza mahubiri kwenye simu, ya Nairobi, ya Lagos, ya Marekani. Alikuwa analishwa, lakini hakuwa na mtu wa kumwombea mtoto wake alipougua. Na sisi tulikaa miezi mingi tukimsema kwenye kikao cha wazee, bila hata mmoja wetu kwenda kugonga mlango wake.

Mnaona, wapendwa? Wa kwanza tulimtangaza, wa pili tukamfunga mdomo, wa tatu tukamwacha. Ni makosa matatu yenye mzizi mmoja: tuliliona kundi, hatukumwona mtu.

4. WATU WATATU WA MARKO 5

Fungueni Marko sura ya 5. Hapo Bwana Yesu anakutana na watu watatu, na kila mmoja anampa agizo lake.

Mtu wa kwanza ni yule aliyekaa makaburini katika nchi ya Wagerasi. Alipopona aliomba afuatane na Yesu. Yesu hakumruhusu, bali alimtuma aende nyumbani kwa watu wake awasimulie mambo makuu aliyotendewa (mstari wa 19). Naye akatangaza katika Dekapoli yote. Kwa mtu huyu, ushuhuda wa wazi ndio uliokuwa wito wake. Kanisa likimfunga mdomo mtu kama huyu, linamzuia kumtii Bwana.

Mtu wa pili, tukiruka kidogo, ni binti Yairo. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Yesu aliwatoa watu wote nje, akabaki na wazazi na wanafunzi watatu tu. Alipomfufua, aliwakataza kwa nguvu wasimwambie mtu, kisha akasema mtoto apewe chakula (mstari wa 43). Tazameni! Ni sura ile ile, na ni Yesu yule yule. Muujiza huu ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza, lakini hakutaka utangazwe. Alimtazama mtoto aliyekuwa na njaa kabla ya kuwatazama watu waliokuwa nje wakingoja habari. Sisi kwenye ubatizo ule tungekuwa wale waliotolewa nje!

Mtu wa tatu yuko katikati ya hao wawili. Ni mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili. Yeye alikuja kwa siri, akagusa vazi, akapona, na alitaka kuondoka kimya kimya. Alikuwa katikati ya umati, lakini alikuwa peke yake. Yesu hakukubali aondoke hivyo. Lakini angalieni jinsi alivyofanya. Hakumnyoshea kidole. Hakuutaja ugonjwa wake. Aliuliza, akatazama, akangoja. Mama yule mwenyewe ndiye aliyekuja akasema kweli yote kwa kinywa chake. Ndipo Yesu akamwita "binti" (mstari wa 34). Alikuja kutafuta uponyaji akapewa na ukoo pia. Yule dada wa simu alikuwa kama huyu mama. Alikuwa ameligusa vazi, lakini hakuwa amesikia mtu akimwita binti.

Basi tujifunze hapa. Injili yenyewe ni ya kutangazwa kwa wote, kwa kila chombo. Lakini habari za mtu, jina lake, sura yake na hadithi yake, ni zake mwenyewe, na anayejua zitangazwe lini ni Bwana pamoja na mtu huyo. Kazi ya kanisa ni kumuuliza na kumngoja, kisha kumpokea.

Neno hili halipingani na 1 Wakorintho 12. Paulo anasema mwili ni mmoja na viungo ni vingi. Jicho halina ruhusa ya kuuambia mkono kwamba hauhitajiki. Lakini mkono nao ukijitenga hauwi mkono huru, unakuwa nyama tu.

5. MFANO WA CHAZO

Wazee wa Kibajuni walikuwa na namna yao ya kumvua kasa. Siku hizi kasa analindwa na sheria hapa Kenya, kwa hiyo tunaeleza tu, hatumwagizi mtu akavue!

Kuna samaki aitwaye chazo. Juu ya kichwa chake ana mahali pa kunatia, naye hupenda kunata kwenye mwili wa papa au kasa. Mvuvi humfunga chazo kamba mkiani, akaenda naye katika mashua. Akimwona kasa, humwachia chazo majini. Chazo huogelea kwa nguvu zake mwenyewe, akanata kwa kasa. Hakuna nyavu wala ndoana inayoweza kufanya kama yeye. Kisha mvuvi huivuta kamba, polepole.

Mungu amempa kila mmoja wetu namna yake. Yuko anayeweza kunena na kijana kwenye simu, yuko anayeweza kukaa kimya na mama aliyefiwa. Usimlazimishe chazo awe ndoana. Lakini ile kamba nayo ni ya lazima. Kamba ikikatika, chazo huenda zake, na mashua hurudi tupu. Na mvuvi akivuta kwa pupa, humwumiza samaki wake mwenyewe. Ushirika wetu ndio kamba hiyo. Usikatike, na usivutwe kwa pupa.

6. BASI TUFANYE NINI?

Tumekaa na wazee, akina mama na vijana, tukakubaliana haya:

(a) Siku ya ubatizo simu zote zinawekwa kando. Anayetaka picha yake atapigwa yeye peke yake, baada ya ibada, na atapewa yeye. Watoto hawatapigwa picha za kutumwa mitandaoni.

(b) Kabla ya kutuma sauti, picha au ushuhuda wa mtu, muulize maswali matatu: Je, unakubali? Nani wa kwenu amebaki nyumbani? Je, kesho ukibadili nia, tutaweza kuirudisha? Jibu la swali la tatu ni hapana siku zote. Kwa hiyo asikimbizwe, apewe muda wa kuomba.

(c) Anayeitwa kushuhudia hadharani hatakatazwa kwa neno la kikao tu. Wazee wawili watakaa naye, watamsikiliza, watapima hatari pamoja naye, kisha watamwekea mikono.

(d) Katika kuhubiri kwa simu au kipaza sauti tusitukane dini ya jirani. Waislamu wengi tunaokaa nao walipoteza nyumba katika vita vile vile vilivyotufukuza sisi. Matusi hayajawahi kumleta mtu kwa Yesu.

(e) Kila anayesikiliza mahubiri peke yake atembelewe. Yule towashi wa Kushi katika Matendo 8 alikuwa na chuo cha Isaya mkononi, yaani alikuwa na chombo kizuri kabisa. Lakini alisema wazi kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza, na Filipo akapanda akaketi pamoja naye. Ukimpa mtu kadi ya simu yenye Maandiko, mpe na jina la nyumba anayoweza kubisha hodi. Hata mtume Yohana alisema hakutaka kumaliza kila kitu kwa karatasi na wino, bali alitumaini kuonana uso kwa uso.

Mtatuuliza habari za wale watatu. Ndugu wa kwanza tulimwomba msamaha, sisi wote tuliohusika, nyumbani kwake, bila picha. Ndugu wa pili sasa anarekodi masomo kwa lugha yake, sauti tu, bila jina. Dada yule bado anasikiliza mahubiri yake ya usiku. Lakini Jumatano akina mama wanakutana nyumbani kwake, na mtoto anaendelea vizuri. Bwana asifiwe!

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Je, wewe unafanana na nani katika Marko 5: aliyetumwa kutangaza, aliyeambiwa anyamaze, au aliyekuja kwa siri?
2. Katika simu yako sasa hivi kuna picha au sauti ya mtu ambaye hukumuuliza? Utafanya nini?
3. Wazazi, je, mnajua watoto wenu wanasikiliza nini? Mnawauliza kwa upendo au kwa fimbo?
4. Ni nani katika mtaa wako anayelishwa na simu tu, naye hana wa kumwita "binti" au "ndugu"? Mtaje katika maombi, kisha nendeni kwake juma hili.

TUOMBE

Ee Bwana Yesu, uliyemjua mwanamke mmoja katikati ya umati, utusamehe pale tulipolitazama kundi tukamsahau mtu. Tunawakumbuka wanaokusikiliza usiku huu kwa siri, katika mji wa Kismayo na visiwani. Wafunike. Tupe hekima ya kusema na ya kunyamaza, na kamba ya upendo wako isikatike kati yetu. Amina.

Mungu awabariki nyote.